Aliyekatwa panga atalipwa na nani?

Nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Mwanza kwa muda wa kutosha kuizoea sentensi moja ambayo mahakimu huisoma mwishoni, kifungo kikishatajwa: mshtakiwa amlipe mlalamikaji fidia ya shilingi kadhaa. Ndugu wa mlalamikaji hutoka nje wakikumbatiana. Wengine hunipa mkono kana kwamba fedha zimeshaingia kwenye simu. Mimi huwapongeza kwa kifungo, ya fidia naiacha, maana najua wiki chache baadaye watarudi kuniuliza wanaichukua wapi.

Mmoja wa waliorudi ni fundi cherehani wa Buhongwa. Vijana wawili walimvizia alfajiri akienda kufuata vitambaa. Mkoba ulikuwa na fedha za wateja, za sare za shule, akaung'ang'ania. Panga likaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia na kukiacha cha tatu hakikunjiki. Vijana walikamatwa siku hiyohiyo, wakashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kwa kosa hilo sheria yetu haimruhusu hakimu kushuka chini ya miaka 30. Wakapewa 30 kila mmoja, na amri ya kumlipa shilingi milioni tatu.

Nilimkuta nyumbani kwake akijaribu kushona. Kitambaa alikuwa akikisukuma kwa kiganja, mkono wa kushoto unakivuta, na kila mshono ukipinda anafumua na kuanza upya. Juu ya meza ya cherehani palikuwa na mfuko wa plastiki: PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, kadi ya kliniki, risiti za dawa na za kusafisha vidonda, stakabadhi ya mkopo wa kikundi, na nakala ya hukumu iliyopigwa muhuri. Akaitoa ile nakala, akaikunjua vizuri kwa kiganja kilekile.

"Dada, hii naipeleka dirisha gani?"

Dirisha lenyewe ndilo halipo. Nilimweleza habari za kuomba kukaza hukumu, kwamba mahakama inaweza kumtuma dalali kukamata mali ya waliohukumiwa. Mali ipi? Mmoja alikuwa amepanga chumba chenye godoro na ndoo. Mwingine aliishi kwa mama yake, anayeuza dagaa kwa beseni. Dalali akifika pale akamate beseni la mama ambaye hakumkata mtu? Na vijana wenyewe watatoka wakiwa wazee, wakati fundi huyu, Mungu akimjalia, atakuwa bibi asiyeona tundu la sindano.

Simlaumu hakimu. Alitumia sheria aliyopewa. Neno fidia halikosi kwenye vitabu vyetu: kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu mahakama kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyemdhuru, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina kifungu kinachoruhusu sehemu ya faini iende kwa mwathirika, na kwa kosa la kubaka kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu kinailazimisha mahakama kuamuru fidia juu ya kifungo. Lakini vyote vitatu vinaangalia mfuko mmoja tu, wa mhalifu. Mfuko huo ukiwa mtupu, na wahalifu wa panga na kabari kwa kawaida ndivyo walivyo, amri inabaki kwenye karatasi.

Hayo si mapya duniani. Mwaka 1957 mwanamke mmoja wa Uingereza, Margery Fry, aliandika katika gazeti la Observer habari za mtu aliyepofuliwa macho katika shambulio. Mahakama ilimpa fidia ya pauni 11,500. Waliompiga walikuwa wawili, wameshatoka gerezani, nao wakaamriwa kulipa shilingi tano kila mmoja kwa wiki. Fry akapiga hesabu: ili apate malipo ya mwisho, kipofu yule angehitaji kuishi miaka mingine 442.

Ninachokipenda kwa Fry ni kwamba hakuwa mtu wa kulilia adhabu kali. Miaka mingi ya umri wake aliitumia kupigania wafungwa watendewe utu na magereza yarekebishwe. Alipozeeka akaona kwamba yuko mwingine aliyesahauliwa, akasema dola iliyoshindwa kumlinda raia ibebe sehemu ya hasara yake. Alifariki mwaka uliofuata bila kuona matunda. New Zealand ikatunga sheria mwaka 1963 na kuanza kulipa Januari 1964. Uingereza ikaanza Agosti 1964. California ikafuata 1965. Tangu hapo nchi nyingi zimepita njia hiyo, na mwaka 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaiweka kwenye Azimio lake juu ya waathirika wa uhalifu: mhalifu alipe kwanza, asipoweza, dola ijitahidi kulipa.

Uingereza ya leo hailazimishi hata mtu awe ametiwa hatiani. Mwathirika anatakiwa awe ametoa taarifa polisi, ashirikiane na upelelezi, na aombe ndani ya miaka miwili. Kuna jedwali: jeraha la namna hii kiasi hiki, la namna ile kiasi kile, na kikomo cha juu ni pauni 500,000. Kwa kazi yangu hilo la kutosubiri hatia ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa wezi wengi wa panga hawakamatwi kabisa, na vidole hukatika vilevile.

Ufaransa nako kuna mama mwingine wa kutajwa. Desemba 1983 Françoise Rudetzki alikuwa akila chakula cha usiku katika mgahawa mmoja wa Paris bomu lilipolipuka na kumvunja miguu. Aliunda chama cha waathirika, akawasumbua wanasiasa bila kuchoka, na Septemba 1986 Ufaransa ikapitisha sheria ya mfuko wa kuwalipa waathirika wa ugaidi. Mwaka 1990 mfuko huo ukapanuliwa kwa waathirika wa makosa mengine makubwa. Fedha zinatoka wapi? Kwenye ada ndogo inayoongezwa juu ya kila bima ya mali. Mwenye nyumba Marseille akikatia bima nyumba yake, sehemu ndogo ya malipo inakwenda kwa mtu asiyemjua aliyepigwa risasi Lille. Na mfuko ukishamlipa mwathirika, ni wenyewe unaomfuata mhalifu kudai. Mzigo wa kumtafuta dalali na kukaza hukumu unaondoka mabegani mwa mgonjwa.

Wamarekani walichagua chanzo kingine. Mfuko wao wa waathirika, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1984, unajazwa na faini na adhabu za fedha zinazolipwa na waliotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho, zikiwamo kampuni kubwa. Fedha zikishaingia, zinagawiwa kwa majimbo. Tajiri aliyekwepa sheria ya benki anachangia dawa za mwanamke aliyechomwa kisu. Naona haki ndani yake: fedha za uhalifu zinarudi kwa walioumizwa na uhalifu.

Wapo watakaosema hizo ni nchi tajiri. Basi tuangalie karibu. Bogoro ni kijiji cha Ituri, Kongo, kilichoshambuliwa Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga, na mwaka 2017 ikaamuru waathirika 297 walipwe dola 250 kila mmoja kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, elimu na tiba ya akili. Katanga hakuwa na kitu. Waliotunga mkataba wa mahakama ile walikuwa wameshaliona hilo mapema, wakaanzisha Mfuko wa Waathirika pembeni yake, na mfuko ndio uliotoa dola milioni moja. Dola 250 ni kidogo kwa mtu aliyepoteza watoto. Ila zilifika, kwa kuwa kulikuwa na mahali pa kuzitoa.

Nchini Kongo kwenyewe, mahakama za kijeshi zimekuwa zikiwatia hatiani wanajeshi kwa ubakaji na kuamuru wao na serikali kwa pamoja wawalipe wanawake maelfu ya dola kila mmoja. Hukumu hizo zilisomwa, wapiga picha wakapiga picha, wanawake wakarudi vijijini na kusubiri miaka kwa miaka. Mwishoni mwa 2022 ndipo ilipotungwa sheria ya mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika wa ubakaji wa vitani na makosa mengine makubwa. Jirani zetu wa Kenya waliandika haki za waathirika kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 50, kisha wakatunga Sheria ya Ulinzi wa Waathirika mwaka 2014, yenye bodi na mfuko. Nawapongeza kwa sheria. Mfuko ulioandikwa hata hivyo ni hatua ya kwanza tu. Asiyetaja fedha zinatoka wapi anakuwa amejenga tangi bila bomba.

Na tusitegemee sheria za wengine. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, maelfu wakajeruhiwa. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa waathirika wa mashambulio hayo na la meli ya kivita ya Marekani iitwayo Cole. Waliostahili chini ya sheria ya Marekani ni raia wao na watu waliokuwa wakifanya kazi kwa serikali yao. Mpita njia wa Nairobi aliyepofuliwa na vioo, mwenye duka wa jirani, hawamo. Sheria ya Marekani iliwaangalia watu wa Marekani, na sisi tulikuwa hatuna ya kwetu ya kuwaangalia wa kwetu.

Hapa Tanzania tumeshakubali kanuni yenyewe, ila tumeiweka mahali pengine. Fundi yule angekuwa ameajiriwa kiwandani na mashine ikamkata vidole vilevile viwili, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015 kwa michango ya waajiri. Usingehoji nani mwenye kosa. Angejeruhiwa na tembo shambani kwake Bunda, Wizara ya Maliasili na Utalii ina kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi. Malipo hayo ni madogo, na wakulima wana haki ya kulalamika kwamba huchelewa, lakini yapo, na yana dirisha. Kwa waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu, sheria ya mwaka 2008 iliweka mfuko. Aliyekatwa na binadamu mwenzake njiani, akienda kazini kwake alfajiri, ndiye hana pa kwenda.

Naye ndiye anayetajwa kwenye Katiba. Ibara ya 107A, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 2000, inaorodhesha kanuni ambazo mahakama zitazifuata katika kutoa haki. Miongoni mwake, katika kipengele (c) cha ibara ndogo ya pili, ni kuwapa fidia ipasavyo watu walioathirika na makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria mahsusi itakayotungwa na Bunge. Kipengele kilichotangulia kinakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi. Hicho mawakili wanakitaja kila siku. Hiki cha fidia sijakisikia kikitajwa mara nyingi, na sheria mahsusi yenye mfuko wa waathirika wa jinai kwa ujumla hatuna.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wa kazi hii wanalijua vizuri na halisemwi hadharani. Fidia isiyolipwa inaua kesi.

Chukua kesi moja ya ubakaji: msichana wa darasa la saba, mshtakiwa jirani, mtu mzima mwenye ng'ombe. PF3 imejazwa, daktari ameandika alichokiona, mtoto ameeleza bila kuyumba. Kabla kesi haijaitwa mara ya pili, wazee wa pande mbili wakakutana nyumbani kwa mjomba. Zikatoka fedha taslimu na ng'ombe wawili. Siku ya ushahidi mtoto akasimama kizimbani akasema hakumbuki, akawa anaangalia chini muda wote. Mshtakiwa akaenda nyumbani kabla ya saa sita mchana.

Nilimfuata baba yake nikiwa na hasira. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama, matibabu ya mtoto nimekopa. Shule nimemhamisha, nauli ni yangu. Huyu bwana akifungwa miaka thelathini, hiyo mahakama yenu inanipa nini?"

Alichokiuza hakikuwa chake, kilikuwa cha binti yake, na hilo nitamwambia hata leo tukikutana. Lakini swali lake ni la haki, na dola ndiyo inayotakiwa kulijibu. Tunawaita watu hawa wala rushwa, wasaliti wa watoto wao, kisha tunawarudisha kwenye deni lilelile. Mtu aliyekosa dirisha mahakamani ataingia mlango wa mjomba. Na mlango huo mwenye ng'ombe hupita, asiye na ng'ombe hufungwa. Mtoto hapati chochote, kwa sababu fedha hupokelewa na wanaume waliokaa kikao.

Kwa hiyo nawasikia wanaosema turudi kwenye fidia za kimila, kwamba wazee wetu walijua kumlipa aliyeumizwa kabla ya kufikiria gereza. Ni kweli walijua, na mahakama za kikoloni ndizo zilizogeuza ng'ombe wa mfiwa kuwa faini ya serikali. Ila nimeona mila hiyo inavyofanya kazi leo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia ya marehemu kusema imeshapokea ngamia, mbuzi na mapambo ya kimila. Familia iliridhika, na pengine kweli amani ilirudi kati ya koo mbili. Mimi najiuliza habari za marehemu ambaye ukoo wake ni dhaifu, au msichana ambaye baba yake ndiye mpokeaji. Fidia niitakayo haimwondoi mtu gerezani. Inakaa pembeni ya adhabu, inatoka kwenye mkono wa umma, na inaingia mkononi mwa aliyeumia mwenyewe, au kwenye akaunti yake kama ni mtoto, asiyeweza kuitoa mjomba.

Fedha zipo za kuanzia. Mahakama zetu zinatoza faini kila siku ya kazi, na faini hizo zinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, shilingi kwa shilingi, zinaonekana. Mali za wahalifu zinataifishwa. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa, na Septemba mwaka huo Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kwamba washtakiwa 467 wa makosa ya uhujumu uchumi walikuwa tayari kurejesha shilingi bilioni 107.8. Yamesemwa mengi juu ya zoezi lile, na mengine yanastahili kusemwa. Ninachokichukua hapo ni kimoja: dola ikiamua kudai fedha kwa walioikosea yenyewe, inajua njia. Sehemu ya faini na ya mali zinazotaifishwa, hata kama ni ndogo, itengwe kisheria kwa ajili ya waathirika, isichanganywe na mapato mengine.

Na ianze na matibabu. Fundi wa Buhongwa hakuhitaji milioni tatu siku ile. Alihitaji mshono wa kidole cha tatu ufanywe na daktari bingwa ndani ya saa chache, na hakuwa na fedha za kutanguliza. PF3 ingetosha kuwa hati ya kutibiwa kwanza, mfuko ulipe baadaye, hata kabla polisi hawajamkamata mtu. Baada ya hapo liwepo jedwali la majeraha na kikomo, ili hakimu asibahatishe. Mfuko ulipe, kisha wenyewe uwafuate waliohukumiwa kwa kadiri ya uwezo wao, ukiwamo ujira wa kazi wakiwa gerezani kama sheria itauweka.

Kuna wanaohofia udanganyifu, kwamba watu watabuni majeraha. Wapo wanaobuni hata ajali za magari, na hatujafuta bima. Taarifa ya polisi, maelezo ya daktari, ushirikiano na upelelezi: masharti hayo yanachuja. Tena yana faida ya pili. Mwathirika anayejua kwamba malipo yake yanategemea kufika mahakamani kutoa ushahidi, atafika.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake, na tangu hapo nchi imezungumza sana juu ya mahabusu, upelelezi na nguvu za polisi. Mazungumzo hayo nayaunga mkono yote. Nimekaa na mahabusu wasio na hatia, najua. Nataka tu kiti kimoja kiongezwe mezani, cha yule aliyetajwa kwenye hati ya mashtaka kama shahidi namba moja na ambaye kesi ikiisha hakuna anayemuuliza amefikaje nyumbani.

Kuidai sheria hii si lazima tuisubiri serikali. Mbunge yeyote anaweza kuidai bungeni. Msomaji, mbunge wako akija kwenye mkutano wa hadhara kuomba ridhaa au kueleza aliyoyafanya, nyosha mkono umuulize: sheria ya fidia iliyoahidiwa na Ibara ya 107A ataidai lini Dodoma? Asipokuwa na jibu, muulize tena mkutano unaofuata.